Upara Si Undugu

Shangazi yangu huchemsha vichwa. Jumamosi, wakati majirani wanafua, yeye hubandika jikoni sufuria kubwa iliyopoteza mkono mmoja, akatumbukiza kichwa cha mbuzi, au cha sungura, au chochote alichojaliwa wiki hiyo, akakiacha kitokote taratibu mpaka nyama iachie yenyewe. Kisha hukisugua kwa mswaki. Mswaki huo umefungwa uzi mwekundu, kwa sababu mwaka wa kwanza haukufungwa kitu, na mumewe hajasahau mpaka leo.

"Mke wangu," mumewe humuuliza kila Jumamosi akichungulia sufuria, "leo ni supu au ni somo?"

"Somo."

"Basi nitakula mkate."

Mumewe ni fundi saa, mtu mpole anayeongea kama mwenye skrubu ndogo ulimini. Mimi humwita Mjomba. Nilihamia kwao nilipoanza kusomea ukutubi, kwa kuwa nyumba yao iko dakika kumi kwa miguu kutoka geti la chuo, na kwa kuwa Baba aliamini dada yake atanifundisha kufungua mdomo mbele za watu. Hilo lilichelewa. Nilichojifunza haraka ni kutofautisha fuvu la paka na la sungura kwa kupapasa tu, ujuzi ambao haujanipatia mchumba.

Chuoni Shangazi si mhadhiri. Ni fundi wa maabara: mwenye funguo za makabati, mwosha chupa, mpanga darubini. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini bila mtu kumuuliza swali lolote isipokuwa "sabuni iko wapi?" Halafu mhadhiri wa somo la Viumbe na Mazingira, ambalo ni la lazima kwa wote wasiosoma sayansi, akaenda masomoni ng'ambo na kusahau kurudi. Idara ikamwambia Shangazi, "Hebu lishikilie wiki mbili." Wiki mbili zikazaa miaka sita.

Hakuna aliyemwonea wivu. Wanafunzi wa somo lile ni wa sheria, uhasibu na ukutubi, watu waliochagua fani hizo ili wasikutane na chura tena maishani. Tulikuwa arobaini na mmoja katika Maabara Namba Tatu, chumba chenye sinki sita na mabomba mawili yanayotoa maji. Tulimwita "Mwalimu" mbele yake na "Mama Fuvu" nyuma yake. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba jina la pili analijua na analipenda zaidi.

Siku ya kwanza hakutupa la kuandika. Alitoa sanduku la viatu lenye viumbe kumi na vinne. Wengine walikuwa mafuvu. Panzi na buibui walikuwa wamekaushwa. Kobe na konokono walituma magamba yao. Papa na pomboo walikuwa picha, na ile ya pomboo ilikatwa kwenye kalenda ya kampuni ya bima, mwezi wa Machi ukiwa bado chini ya tumbo lake. Mtu alikuwa kioo kidogo cha kunyolea.

Halafu akatoa kamba za kuanikia nguo na mfuko wa vibanio.

"Kazi yenu ni moja," alisema. "Nifungieni ukoo wa hawa. Kila tawi linapogawanyika pana fundo, na kila fundo ni bibi. Sitaki kuambiwa nani anafanana na nani. Nataka kuambiwa bibi huyu aliwaachia wajukuu wake kitu gani. Fundo lisilo na urithi, fungua."

Tulimfanyia vituko. Sisi wa ukutubi tulimaliza kwanza, kwa majivuno, tukiwa tumewapanga wote kwa alfabeti. Mtu alikaa kati ya mjusi na panya, na tukaona ni sawa. Wa uhasibu walijenga mti ulionyooka kama mizani, saba kushoto na saba kulia. Walipoulizwa kobe anafanya nini kwa akina konokono, walijibu kwamba upande ule ulikuwa umepungua mmoja. Wa sheria hawakufunga hata fundo. Waligawanyika pande mbili, mmoja ukimtetea pomboo na mwingine ukimshtaki, na saa ilipoisha wakaomba shauri liahirishwe.

Shangazi alizunguka akitazama, mikono nyuma.

"Nimefundisha miaka sita," alisema, "na sijawahi kuona upuuzi wa aina tatu kwa siku moja. Vizuri sana. Futeni wote. Andikeni mlipokosea, kwa wino mwekundu, na msione haya. Mti usiosahihishwa ni kuni."

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake. Kosa hukutwi nalo. Unalitangaza mwenyewe, unalifungua fundo, unaendelea.

Upara uliingia wiki ya tatu. Mtu mmoja wa uhasibu alimbana popo kando ya kuku, kwa hoja kwamba wote wana mabawa. Shangazi alilitazama lile fuvu la popo lenye meno makali kama pini likining'inia karibu na mdomo wa kuku, akageuka.

"Mkuu wa Kitivo ana upara?"

Tulisitasita. "Anao, Mwalimu."

"Mlinzi wa geti kubwa ana upara?"

"Anao!"

"Ni ndugu?"

Darasa lilicheka mpaka vibanio vikaanguka. Kwa sababu Mkuu wa Kitivo alikuwa mtu wa suti ya vipande vitatu anayetembea kama anayefuatwa na tarumbeta, na mlinzi wa geti alikuwa mzee wa utani aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka.

"Basi," alisema Shangazi, "upara humfika yeyote, kila mtu na njia yake. Na mabawa ni hivyo hivyo. Popo aliyapata kwake, kuku kwake, panzi kwake. Sifa moja ni bahati. Sifa mbili ni mashaka. Sifa tatu ni bibi. Mwangalieni popo tena: ana nini kingine?"

"Manyoya ya... nywele," mtu akasema.

"Na?"

"Ananyonyesha."

"Na masikio ya nje," akaongeza mwingine, akiwa tayari anamhamishia popo kwa panya.

Kuanzia siku ile, mtu akiunganisha vitu kwa sura tu, darasa zima lilimpigia kelele: "Upara!" Neno likatoka nje ya maabara. Wasichana wawili wakivaa blauzi ya aina moja: upara. Wagombea wawili wa uongozi wa wanafunzi wakija na ahadi zilezile: upara, tena wa kung'aa.

Aliyeufurahia mfano huo kuliko wote alikuwa mlinzi mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa akimletea Shangazi maiti. Kila asubuhi alizunguka ua wa chuo, na chochote alichokikuta kimekufa, mjusi, popo, ndege aliyejigonga kwenye dirisha la utawala, alikitia kwenye kopo la biskuti akakileta Maabara Namba Tatu kwa adabu zote, kana kwamba analeta barua. Siku alipousikia mfano ule mlangoni, alicheka mpaka akakaa chini.

"Endelea kuwaambia hivyo hivyo, Mwalimu," alisema akijifuta machozi. "Mimi na Mkuu? Wala hatujuani!"

Tulidhani anacheka kwa sababu ya mfano.

Muhula ukiwa katikati, ikaja barua. Shangazi aliisoma mezani nyumbani, akampa Mjomba, naye akaisoma kwa ile lenzi yake ya saa, jambo lililoifanya ionekane mbaya zaidi. Mkuu wa Kitivo alikuwa amegundua kwamba somo linafundishwa na mtu asiye kwenye orodha ya wahadhiri. Angekuja Jumatano saa nne asubuhi kuketi darasani. Asiporidhika, somo lingefutwa mwisho wa muhula, na nafasi yake ingechukuliwa na kozi ya Adabu za Ofisi.

"Utamweleza nini?" Mjomba akauliza.

"Sitamweleza. Nitamfundisha."

"Mkuu hafundishwi, mke wangu."

"Ana uti wa mgongo, atafundishika."

Mjomba akaiweka barua chini. "Na wakikurudisha kwenye chupa?"

Shangazi alichukua fuvu la sungura lililokuwa linakauka juu ya gazeti, akaanza kulisugua ingawa lilikuwa safi. "Miaka ishirini nimewaandalia watu vyombo vya masomo yao," alisema. "Hili ni langu." Akaendelea kusugua. Mimi niliendelea kusoma ukurasa uleule niliokuwa nimeusoma mara nne.

Jumatatu alitukusanya. "Jumatano kuna neno moja sitaki kulisikia."

Hakuna aliyeuliza neno gani. Kiongozi wa darasa, kijana wa sheria tuliyemwita Pingamizi, alisimama. "Mwalimu, darasa linaahidi."

"Ahadi ya mwanasheria?"

"Kwa maandishi."

Na kweli aliandika. Tulitia saini wote arobaini na mmoja.

Jumatano saa nne kamili Mkuu wa Kitivo aliingia na jalada kwapani. Upara wake, tumtendee haki, ni upara mzuri: umekamilika, hauna visiwa. Akatafuta kiti cha nyuma.

"Hapa hatuna watazamaji, Mkuu," Shangazi akamwambia, akimkabidhi mfuko wa vibanio. "Viti vya watazamaji vilihamishiwa ofisini kwako mwaka juzi. Karibu kwenye kamba."

Nilifumba macho. Nilipofumbua, Mkuu alikuwa ameshika kibanio kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Akatazama sanduku. Akatazama kamba iliyotoka kwenye msumari wa dirisha mpaka kwenye bomba. Kitu fulani kikamwingia, kile kinachomwingia mtu mzima akipewa fumbo mbele ya vijana, akavua koti.

Alianza vizuri. Wenye uti wa mgongo aliwaweka upande wao, akafunga fundo safi. Panya na mbuzi akawaunganisha kwa nywele. Alipofika kwenye kioo akajitazama kidogo, akarekebisha tai, akakining'iniza karibu na mbuzi. Tukaanza kupumua.

Halafu akambana popo kando ya kuku.

Maabara ilinyamaza. Nilimwona Pingamizi akiuma mkono wa shati lake. Mkuu, akiudhani ukimya ule ni heshima, akampeleka pomboo wa bima kwa papa. "Mapezi," alieleza kwa upole. Msichana wa uhasibu akainamia sinki na kufungua bomba lisilotoa maji. Shangazi alisimama wima, macho kwenye dari, kama mtu anayesali kwa mungu asiyemwamini sana.

Kisha Mkuu akamchukua panzi. Akamgeuza. Akayaona mabawa. Na kwa tabasamu la mtu aliyeupata mchezo, akampeleka palepale kwa kuku na popo.

Sitasema nani alianza. Alikuwa mtu wa ukutubi, anayekaa karibu na sinki la tatu, ambaye hakuwahi kufungua mdomo darasani tangu muhula uanze. Lilimtoka tu, "Upa—", na arobaini waliobaki, kwa mazoea, wakalimalizia kwa sauti iliyotikisa darubini.

Mkono wa Mkuu ulipanda kuelekea kichwani, ukakumbuka, ukashuka.

"Samahani?" alisema.

Akaitazama kamba, akatutazama sisi.

"Hiyo ni... istilahi?"

"Ni istilahi, Mkuu," alisema Shangazi.

"Maana yake?"

Pingamizi akasimama. "Mkuu, kwa heshima, darasa halilazimiki kujibu swali ambalo—"

"Kaa chini," alisema Shangazi, na akakaa.

Angeweza kudanganya. Kulikuwa na maneno mengi ya kisayansi pale ambayo Mkuu asingeyajua. Lakini mtu aliyewatoza watu wino mwekundu miaka sita hawezi kuliandika kosa lake kwa penseli. Alimweleza: kwamba sura inaweza kutokea mara nyingi, kila kiumbe na njia yake, bila urithi wa pamoja. Kwamba mabawa ya popo, kuku na panzi ni hivyo. "Na mfano ninaotumia," alimalizia, "ni wewe na mlinzi wa geti kubwa. Wote wawili mna upara. Si ndugu."

Mkuu alifungua mdomo. Wakati huohuo mlango ukafunguka kwa bega.

"Mwalimu, leo nimekuletea kinyonga," alisema mlinzi akiingia na kopo lake, "amekufa vizuri kabisa, hata rangi hajab—"

Akamwona Mkuu. Mkuu akamwona yeye. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona chumba kimoja, hatua mbili kati yao.

Ninachotaka kieleweke ni kwamba hatukufanya makusudi. Miezi miwili tulifundishwa kutotazama upara na kutafuta kingine. Tukatafuta. Mlinzi alikuwa ameshika kopo, na kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda kuelekea ndani kama ndoano. Mkuu alikuwa ameshika kibanio, na kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda kuelekea ndani kama ndoano. Mbele ya sikio la kushoto la mlinzi palikuwa na kitundu kidogo, kama kilichotobolewa kwa sindano. Macho arobaini na moja, namaanisha jozi arobaini na moja, yakahamia kwenye sikio la kushoto la Mkuu.

Kitundu kilikuwepo.

"Mbili," alinong'ona msichana wa uhasibu.

Mlinzi, ambaye akiona aibu hucheka, akacheka. Meno yake ya mbele yana mwanya. Mkuu akakunja uso kwa hasira, midomo ikapanuka, na mwanya uleule ukajitokeza.

"Tatu," alisema Pingamizi, si kwa kunong'ona.

Shangazi alikuwa ameshaona. Nilimjua, alikuwa ameona kidole tangu mwanzo, na sikio, na alikuwa akitafuta kitu cha tatu kwa moyo wa mtu anayeomba asikipate. Jalada la Mkuu lilikuwa wazi juu ya meza, kalamu kando yake. Angenyamaza tu, tungeendelea na kinyonga.

Akavuta pumzi. "Darasa," alisema. "Wino mwekundu."

Tukatoa kalamu.

"Nimefundisha kosa tangu wiki ya tatu. Nilisema hawa wawili si ndugu, na nilitazama upara tu, sikutazama vidole. Mfano wangu ufuteni. Ushahidi unaukataa." Akamgeukia Mkuu. "Samahani, Mkuu. Sheria ni ileile kwa kila aliye kwenye kamba."

Uso wa Mkuu ulikuwa haueleweki. Mlinzi ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mama zetu tumbo moja, Mwalimu!" alipasuka, kopo likiruka mikononi. "Ziwa moja! Yeye kanizidi miezi minne tu, na nimemwamkia tangu hapo! Upara huu ni wa babu mzaa mama, alikuwa na kichwa kama taa ya barabarani. Kaka, si nilikwambia? Nilikwambia hiki kidole kitatuumbua."

"Ulisema hutakuja jengo hili siku za kazi," alisema Mkuu kwa sauti ndogo, ambayo haikuwa ya suti.

"Kinyonga hachagui siku ya kufa, kaka."

Baadaye tulipata mambo yote kutoka kwa mlinzi, ambaye baada ya miaka minne ya kimya hakuwa tena na breki. Yeye ndiye aliyetangulia chuoni. Alikuwa getini miaka mitano kabla nduguye hajapewa ile ofisi, na walikubaliana kwamba kazini ni kazini, watu wasije wakasema cheo kinapendelea damu. "Lakini kila asubuhi namfungulia geti, napiga saluti," alituambia, "na yeye ananiangalia kama nguzo. Mwaka wa kwanza ilinichekesha. Mwaka wa pili nikaanza kuwacheka ninyi."

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile Mkuu alisimama muda mrefu kando ya kamba. Alikitazama kile kioo kilichokuwa kinaning'inia karibu na mbuzi, akamtazama nduguye. Halafu akanyoosha mkono wenye ndoano yake, akamtoa panzi kwa kuku.

"Huyu," alisema, "anakwenda wapi?"

"Wewe unaonaje, Mkuu?" Shangazi akauliza.

Alimtafutia mahali. Akapita kwa konokono, akasita, akampeleka kwa buibui.

"Kwa urithi gani?"

"Miguu. Ina... viungo viungo. Wote wawili."

"Funga fundo."

Akafunga. Halafu, bila kuambiwa, akamrudia popo. Kengele ilipolia alikuwa amepiga magoti chini ya bomba akibishana na mlinzi kuhusu kobe, na mlinzi ndiye aliyekuwa sahihi. Aliondoka na jalada lake, koti akalisahau, na kibanio chetu kimoja kilikuwa kimebana tai yake.

Ripoti ilikuja wiki iliyofuata. Mjomba alitaka kuisoma kwa lenzi, Shangazi akamnyang'anya. Ukurasa wa kwanza ulisema hana shahada inayotakiwa, jambo ambalo ni kweli na analijua. Chini, kwenye kisanduku cha makosa yaliyoonekana darasani, Mkuu alikuwa ameandika kwa mkono wake, kwa wino mwekundu: *Mti mmoja, wa ukoo. Umesahihishwa papo hapo na mwalimu mwenyewe. Somo liendelee.*

Shangazi alisoma mstari huo mara mbili. Halafu akaweka kidole kwenye neno moja, akamwonyesha Mjomba. Ilikuwa karatasi ya kwanza ya chuo kumwita mwalimu.

"Na kibanio?" Mjomba akauliza.

"Hajarudisha."

Mlinzi anasema siku hizi gari la Mkuu husimama kidogo getini asubuhi. Kioo kinashuka, hawaongei la maana, kinapanda. Tumemwambia hiyo ni sifa moja tu, asikurupuke.

Tatizo limebaki moja: Shangazi hana tena mfano. Anahitaji watu wawili wenye upara ambao kwa hakika si ndugu, na hamwamini mtu. Fundi viatu wa kona yetu alikaribia kufaa, mpaka Shangazi alipoanza kumkagua masikio na yule bwana akakimbia na kiatu cha mteja. Jumamosi iliyopita, kichwa cha kondoo kikitokota, alisimama nyuma ya Mjomba aliyekuwa ameinamia saa, akamtazama utosini kwa muda mrefu.

"Mke wangu," alisema Mjomba bila kuinua kichwa, "hapo bado kuna nywele."

"Nasubiri," alisema Shangazi, akaenda kukoroga sufuria.